Kati ya brahmi, gotu kola na ashwagandha, uchague ipi kwa ajili ya kumbukumbu?

Mwambie muuza dawa za Kihindi, awe wa Kisutu jijini Dar es Salaam, wa Ngara jijini Nairobi au wa Ruwi kule Muscat, kwamba unatafuta kitu cha kusaidia kumbukumbu. Kuna uwezekano mkubwa atakutolea kopo la brahmi. Ukisitasita ataongeza la gotu kola, na ukitaja kwamba siku hizi hata usingizi huupati, ataleta na la ashwagandha. Makopo yote matatu yanaahidi mambo yanayofanana: akili tulivu, umakini, kumbukumbu nzuri. Unabaki umesimama pale kaunta, pesa mkononi, hujui uchukue lipi.

Mimea hii mitatu ina historia ndefu katika Ayurveda, tiba ya asili ya India, na yote imefanyiwa utafiti wa kisasa kwa viwango tofauti. Lakini kazi zake si moja. Kuna mtu anayesahau alichosoma juzi. Kuna ambaye kichwa hakitulii kwa sababu ya mawazo. Na kuna ambaye haumwi chochote, anataka tu chakula kitakachomjenga. Hao ni watu watatu wenye mahitaji matatu. Ukishajua wewe ni nani kati yao, kuchagua kunakuwa rahisi sana.

Vigezo nilivyotumia

Kila mmea nimeuangalia kwa mambo matano. Kwanza, ni mmea gani hasa na utautambuaje. Pili, ushahidi: waliopewa mmea wenyewe walitofautiana vipi na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Tatu, unatumiwaje, kwa kiasi gani, na inachukua muda gani kabla ya kuona tofauti. Nne, madhara yake na dawa unazogongana nazo. Tano, unamfaa nani.

Bei nimeiacha makusudi kwa sababu inabadilika kila mji na kila mzigo unaoingia. Jua tu kwamba unga wa mmea mkavu kwa kawaida ni rahisi kuliko vidonge vya dondoo, na kwamba gramu moja ya unga hailingani na gramu moja ya dondoo. Dondoo imekamuliwa ikabaki na viambato vingi katika ujazo mdogo. Ndiyo maana mtu anayemeza miligramu 300 za unga wa kawaida, akiamini anafuata kipimo cha watafiti, kwa kweli anatumia kiasi kidogo sana.

Jina moja, mimea miwili

Hili lazima tulimalize kabla ya kulinganisha chochote, maana ndilo linalowapotezea watu pesa. Jina brahmi nchini India hutumika kwa mimea miwili isiyo na undugu wowote. Kusini, hasa Kerala, brahmi ni mmea ambao wataalamu wa mimea huuita Bacopa monnieri. Kaskazini, wengi wakisema brahmi wanamaanisha Centella asiatica, yaani huo huo gotu kola, ambao vitabu vya Ayurveda huuita mandukaparni. Kwa hiyo makopo mawili yaliyoandikwa “brahmi” kwa herufi kubwa yanaweza kuwa na majani tofauti kabisa ndani, kutegemea mzigo ulitokea upande gani wa India.

Mkanganyiko huu ni wa zamani. Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vikongwe vya Ayurveda, kinataja dawa nne za kuinoa akili: maji ya mandukaparni, unga wa mizizi ya susi ukinywewa na maziwa, maji ya guduchi, na shankhapushpi iliyosagwa. Ukiangalia vizuri, katika hizo nne hakuna brahmi. Brahmi inatajwa kwingine katika kitabu hicho hicho, ikipikwa na samli kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa na wa akili.

Dawa ya mkanganyiko ni kugeuza kopo na kusoma jina la Kilatini lililoandikwa kwa herufi ndogo nyuma. Ukikuta Bacopa monnieri, hiyo ndiyo brahmi ninayoizungumzia hapa. Ukikuta Centella asiatica, hiyo ni gotu kola, hata kama mbele pameandikwa vingine. Pasipoandikwa jina la Kilatini kabisa, mimi nisingenunua.

Kuna na yale mafuta ya nywele ya brahmi na amla ambayo maduka yetu mengi huuza. Hayo ni ya kupaka. Kukandwa kichwa kwa mafuta kunaburudisha na Ayurveda inakuthamini sana, lakini tafiti nitakazozitaja zilihusu mmea uliomezwa.

Pengine umeisikia pia shankhapushpi, ile ambayo wazazi wengi India huwapa watoto kama sharubati msimu wa mitihani ukikaribia. Nimeiacha nje ya ulinganisho huu kwa sababu mbili. Jina lake nalo linabeba mimea zaidi ya mmoja: Convolvulus prostratus kwa wengi wa kaskazini, Clitoria ternatea kwa watu wa Kerala. Na sharubati yake iliwahi kugundulika kupunguza kiwango cha fenitoini, dawa ya kifafa, katika damu, kiasi cha wagonjwa kurudiwa na degedege. Mwenye kifafa asiiguse.

Brahmi (Bacopa monnieri)

Ni mmea mdogo unaotambaa kwenye tope, kandokando ya mifereji na kwenye mashamba ya mpunga. Majani yake ni madogo na manene, yamejaa maji, yamekaa mawilimawili yakitazamana kwenye shina. Maua ni meupe au ya zambarau iliyofifia, yenye petali tano. Ukilitafuna jani bichi, uchungu haukuvamii papo hapo. Unakuja ukishameza, unakaa nyuma ya ulimi, na maji matupu hayauondoi. Unga wake mkavu ni vivyo hivyo. Kama ulichonunua hakina uchungu hata kidogo, kitilie shaka. Mmea huu hupandwa pia kwenye matangi ya samaki wa mapambo. Wa humo usile kamwe, kwa kuwa maji yake mara nyingi hutiwa dawa za samaki.

Kwa upande wa kumbukumbu yenyewe, brahmi ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko wenzake. Taasisi Kuu ya Utafiti wa Dawa iliyoko Lucknow, India, iliufanyia kazi mmea huu kwa miongo mingi, na viambato vinavyopewa sifa zaidi ni jamii ya saponini ziitwazo bakosaidi. Mwaka 2001 nchini Australia, watu 46 wenye afya njema waligawanywa makundi mawili, kundi moja likipewa miligramu 300 za dondoo kila siku na jingine kidonge kisicho na dawa. Waliopewa dondoo walifanya vizuri zaidi, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi ilipofika wiki ya 12. Mwaka uliofuata ukachapishwa utafiti mwingine wa huko huko, wa watu 76 wenye umri wa miaka 40 hadi 65, kwa miezi mitatu. Huo ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu ulionyesha mahali hasa mmea unapogusa: watumiaji hawakujifunza haraka kuliko wengine, ila walichokwisha kujifunza kiliwatoka kichwani polepole zaidi.

Hebu tulia kidogo kwenye hilo. Mtu anaweza kutumia brahmi kwa miezi, akashangaa mbona bado anahitaji kurudia ukurasa mara tatu ndipo aelewe. Kuelewa haraka haikuwa kazi yake. Kazi yake, kadiri utafiti huo unavyoonyesha, ni kukusaidia kesho ulikute ulichokiweka leo.

Mwaka 2008 Marekani, watu 54 wa miaka 65 na kuendelea walifuatiliwa kwa wiki 12, na waliotumia brahmi walikumbuka vizuri zaidi maneno waliyosomewa mwanzoni. Mapitio ya mwaka 2014 yaliyokusanya tafiti 9 zenye watu 518 yaliona dalili nzuri pia katika kasi ya umakini. Lakini tuwe wakweli: hizi ni tafiti ndogo, za muda mfupi, na manufaa yaliyoonekana ni ya kiasi. Hakuna uliothibitisha kwamba brahmi inatibu ugonjwa wa Alzheimer. Anayekuahidi hivyo anakudanganya.

Kipimo cha watafiti mara nyingi kilikuwa miligramu 300 za dondoo kwa siku, kwa wiki 12. Kwa unga wa mmea mzima, desturi ya Ayurveda ni gramu 1 hadi 3 kwa siku. Meza baada ya kula, tena chakula chenye mafuta. Waganga wa zamani waliipika na samli wakaiita brahmi ghrita, na walikuwa na sababu: baadhi ya viambato vyake vinakubaliana na mafuta kuliko maji. Usitegemee chochote siku hiyo hiyo. Watafiti walijaribu kuwapa watu dozi moja na kuwapima baada ya saa mbili, na hawakuona tofauti.

Shida zake ni za tumbo: kichefuchefu, tumbo kusokota, kwenda chooni mara nyingi. Kuila pamoja na chakula hupunguza hayo kwa wengi. Kwa kuwa inaonekana kuongeza nguvu ya asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe baina ya seli za ubongo, mwenye mapigo ya moyo ya polepole, pumu, vidonda vya tumbo au tatizo la kuziba mkojo aongee na daktari kwanza. Vilevile anayetumia donepezili, amitriptilini au zile dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi. Majaribio kwa panya yalionyesha pia homoni ya tezi la shingo ikipanda, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa tezi hilo naye asijianzishie.

Inamfaa mtu mzima mwenye afya anayesahau yale aliyokwisha kuyajua, mwenye subira ya miezi mitatu na tumbo lisilo jepesi.

Gotu kola (Centella asiatica)

Huu wala hauhitaji kuvuka bahari kuutafuta. Unaota wenyewe Kenya, Tanzania na Uganda, kwenye nyasi zenye unyevu, kando ya vijito na mifereji, hasa nyanda za juu. Inawezekana unaukanyaga kila siku ukienda kisimani. Majani yake ni ya mviringo wenye pengo upande mmoja, umbo la figo, yenye meno madogo pembeni, na kila jani limesimama peke yake juu ya kikonyo kirefu kinachotoka kwenye shina linalotambaa. Uko katika ukoo mmoja na karoti na giligilani, na ladha yake inaonyesha undugu huo: ya kijani kibichi, yenye uchungu kidogo, inayolika bila shida.

Na watu wanaula kweli. Sri Lanka hupika uji wa asubuhi uitwao kola kanda, wali ukichanganywa na majani hayo yaliyosagwa na tui la nazi, na hukatakata majani mabichi wakayachanganya na nazi iliyokunwa, kitunguu na ndimu. Kwa mtu wa pwani yetu, mapishi hayo hayana ugeni. Vietnam huusaga ukawa kinywaji cha kijani kinachouzwa barabarani, na Malaysia huula kama mboga mbichi kwa jina la pegaga. Jirani zetu wa Madagaska wameutumia kutibu vidonda tangu zamani, na huko ndiko kulikotoka utafiti wa kiambato chake maarufu, asiatikosaidi, ambacho hadi leo kimo katika krimu za kuponya makovu.

Kwenye kumbukumbu, hata hivyo, ushahidi wake ni dhaifu kuliko sifa zake. Utafiti mmoja wa Thailand uliochapishwa mwaka 2008 uliwapa wazee 28 dozi tofauti kwa miezi miwili, na waliopata miligramu 750 kwa siku walionyesha maendeleo. Lakini mapitio ya mwaka 2017, yaliyokusanya tafiti 11, hayakuona tofauti ya maana katika kumbukumbu wala vipengele vingine vya akili ukilinganisha na kidonge kisicho na dawa. Kilichojitokeza ni hisia: watu walijisikia wachangamfu zaidi na hasira ikapungua, muda mfupi tu baada ya kutumia. Kwa wengine hilo ni jambo kubwa. Aliyechoka na mwenye kununa akichangamka, hata kazi yake inaenda.

Kama chakula, kiganja kimoja cha majani mabichi kwenye kachumbari au mboga kinatosha. Kama unga mkavu, desturi ni gramu 3 hadi 6 kwa siku. Vidonge vya dondoo ni habari nyingine, na hapo ndipo tahadhari inapohitajika: mwaka 2005 madaktari wa Argentina waliripoti wanawake watatu walioumwa ini baada ya kuvitumia. Ni matukio machache, lakini mwenye historia ya ugonjwa wa ini, aliyewahi kugeuka manjano macho na ngozi au anayekunywa pombe nyingi aviepuke. Unaweza pia kuzidisha usingizi kwa anayetumia dawa za kutuliza.

Kwa anayechuma mwenyewe, kuna hatari kubwa kuliko zote na haitajwi kwenye makopo: mahali ulipoota. Mmea huu unapenda mifereji, na mifereji ya mijini inabeba maji ya vyoo, ya gereji na ya viwandani. Majani ya mfereji wa mjini si ya kula hata ukiyaosha mara ngapi. Panda wako. Chomoa kipande cha shina chenye mizizi, ukipande kwenye ndoo yenye udongo mzuri, weka mahali pa kivuli kidogo na umwagilie kila siku, utasambaa wenyewe.

Unamfaa anayetaka kitu cha mezani zaidi ya dawa, mwenye bustani, na anayetafuta uchangamfu zaidi ya kumbukumbu.

Ashwagandha (Withania somnifera)

Kichaka kidogo cha ukoo wa nyanya na biringanya, chenye tunda jekundu lililofunikwa na ganda jepesi kama karatasi. Nao unaota porini Afrika Mashariki, lakini wa dukani karibu wote hulimwa India, Rajasthan na Madhya Pradesh. Kinachotumika ni mzizi. Mwaka 2021 Wizara ya AYUSH ya India, inayosimamia tiba za asili, iliwataka watengenezaji waache kutumia majani, kwa hiyo hakikisha kopo linataja mzizi peke yake.

Nguvu ya ashwagandha iko kwenye msongo wa mawazo na usingizi. Katika utafiti wa India wa mwaka 2012, watu 64 wenye msongo walifuatiliwa kwa siku 60, na waliopata miligramu 300 mara mbili kwa siku walipungukiwa na msongo kwa kiasi kinachoonekana, hata kotisoli, homoni ya msongo, ikashuka. Kwa kumbukumbu upo utafiti wa mwaka 2017 wa watu 50 waliokuwa wameanza kusahausahau, wiki 8, nao ulileta matokeo mazuri. Ila ni mdogo. Mimi naamini wengi wanaosema ashwagandha imewarudishia kumbukumbu, kwa kweli imewarudishia usingizi, na ubongo uliolala vizuri hukumbuka wenyewe.

Kijadi ni unga wa mzizi, gramu 3 hadi 6, ukichemshwa kwenye maziwa na kunywewa usiku. Harufu yake ni nzito na si kila mtu anaivumilia. Iliki na asali husaidia. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya wiki chache, mapema kuliko brahmi.

Katika mitatu hii, huu ndio wenye orodha ndefu zaidi ya watu wasiopaswa kuutumia. Wajawazito wasiuguse. Unaweza kupandisha homoni za tezi la shingo, kwa hiyo ni hatari kwa mwenye tezi lililozidisha kazi, na unavuruga dozi ya anayemeza levothairoksini. Unaweza kuongeza nguvu ya dawa za usingizi, za kisukari na za shinikizo la damu, na kugongana na dawa za kushusha kinga zinazotumiwa na waliopandikizwa figo. Mwenye saratani ya tezi dume aukwepe, kwa sababu huweza kupandisha testosteroni. Yameripotiwa pia matukio ya ini kuumia, yakiwemo ya Iceland na Marekani yaliyochapishwa mwaka 2020. Denmark iliupiga marufuku mwaka 2023. Nchi nyingine nyingi bado zinauruhusu, na wapo walioona uamuzi wa Denmark ni mkali mno, lakini mwenye shaka kuhusu afya yake ana haki ya kuuzingatia.

Unamfaa mtu mzima asiye na magonjwa hayo, ambaye tatizo lake la kusahau lilianza pamoja na mawazo mengi na kukosa usingizi.

Kopo lenyewe

Mmea unaweza kuwa mzuri na kopo likawa baya. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani Boston, na 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 wakapima nyingine 193 zilizouzwa kwa intaneti. Karibu moja kati ya tano zilikuwa nazo. Baadhi ya madini hayo huingia kwa uchafu wa udongo na mashine, na mengine hutiwa kwa makusudi, kwa sababu lipo tawi la Ayurveda linalotumia madini yaliyochomwa, yaitwayo bhasma. Risasi huharibu ubongo, wa mtoto kuliko wa mkubwa. Inaniuma kufikiri kwamba mzazi anaweza kumnywesha mwanawe sumu hiyo akiamini anamsaidia kufaulu.

Kwa hiyo chagua bidhaa yenye mmea mmoja tu, bila mchanganyiko wa viungo ishirini, isiyotaja bhasma, yenye jina la Kilatini, sehemu ya mmea iliyotumika, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Tanzania uliza kama imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala au TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba; Kenya, Bodi ya Dawa na Sumu. Unga uliopimwa kutoka gunia lililo wazi ukatiwa kwenye mfuko wa plastiki, achana nao, hata kama muuzaji ni mtu mwema.

Uchague vipi, kwa hali yako

Kama u mwanafunzi wa chuo na mtihani uko wiki mbili zijazo, hakuna kati ya hii itakayokusaidia kwa muda huo. Lala, soma kwa kurudia, fanya mitihani iliyopita. Kama muhula ndio kwanza umeanza na tumbo lako ni imara, brahmi inaeleweka.

Kwa mtoto wa shule, usimpe vidonge vya mmea wowote kati ya hii bila daktari. Majani machache ya gotu kola safi kwenye chakula cha familia ni jambo tofauti, hayo ni mboga.

Kama umevuka miaka 60 na unaanza kupoteza majina ya watu na mahali ulipoweka funguo, brahmi ndiyo iliyopimwa vizuri zaidi kwa watu wa umri wako. Lakini kabla ya kopo, pima damu. Upungufu wa vitamini B12, tezi la shingo lililolegea na upungufu wa damu vyote huleta usahaulifu, na vyote vina matibabu. Mwenye kisukari aliyemeza metformini kwa miaka mingi aulizie B12 hasa, kwa sababu dawa hiyo huipunguza. Sonona nayo hujificha nyuma ya usahaulifu, kwa wazee wetu zaidi.

Kama hulali, moyo unakwenda mbio na unarudia sentensi ile ile bila kuielewa, ashwagandha ina hoja nzuri kuliko brahmi, ilimradi humo katika orodha ya waliokatazwa. Kama umo, gotu kola ya mezani ni njia laini zaidi.

Kama una mimba, unanyonyesha, au unasubiri upasuaji, vidonge na unga wa yote mitatu viweke kando. Kama unatumia dawa za kila siku za ugonjwa wowote, mpelekee mfamasia kopo lenyewe alisome, usimtajie jina tu. Ukimwambia “brahmi” hutajua naye amefikiria upi.

Kama unawaza kuchanganya, anza na mmoja. Ukianza na miwili kwa pamoja na tumbo likavurugika, hutajua ulaumu upi. Andika tarehe uliyoanza, na andika mambo mawili au matatu unayosahau mara kwa mara, mambo ya kweli ya maisha yako: namba za simu, aya unazohifadhi, orodha ya sokoni. Yaangalie tena wiki ya 12. Pasipo tofauti, acha. Kuongeza dozi hakutakusaidia.

Na kama usahaulifu umekuja ghafla, au unaambatana na kupotea njia unayoijua, maneno kukwama mdomoni, mkono au mguu kulegea, au mzee wenu amebadilika tabia ndani ya siku chache, hapo hakuna la kulinganisha. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo.